Yai la Aktiki na karai la zebaki

Novemba 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki, zilikutana Geneva, zikakubaliana kwamba ifikapo mwaka 2034 zebaki iwe imeondolewa kwenye dawa ya kuzibia meno. Habari hiyo ilipofika kwetu ilipita haraka, kama jambo la madaktari wa meno tu. Wachache waliokaa nayo kidogo wakagawanyika. Wapo waliosema zebaki ni wasiwasi wa matajiri wanaohurumia ndege wa barafuni kuliko watu. Wapo waliosoma kwamba ndege wa bahari huko Aktiki, Kaskazini kabisa mwa dunia, wana zebaki mwilini, wakaona pia kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaotoa zebaki nyingi duniani kuliko shughuli nyingine yoyote, wakahitimisha kwamba mchimbaji wa Geita, Migori au Ituri ndiye anayemlisha sumu ndege wa Kanada. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja: hawajaangalia kilichomo ndani ya mayai ya ndege wenyewe. Mayai hayo yanaonyesha kwamba sumu inayozuiwa pale inapotengenezwa hupungua hata baharini, tena mapema kuliko tulivyotegemea, na ile inayoachiwa mwanya haipungui. Zebaki imeachiwa mwanya. Na anayeumia kwanza kwa mwanya huo ni mchimbaji aliyeinama juu ya karai akikamata dhahabu kwa zebaki, muda mrefu kabla ya ndege.

Kisiwa cha Prince Leopold kiko kaskazini kabisa mwa Kanada, katika eneo la Nunavut, kwenye mlango wa bahari uitwao Lancaster Sound. Ni jabali lililosimama wima kutoka majini, zaidi ya mita 200 kwenda juu, na kileleni ni tambarare isiyo na mti hata mmoja. Kiangazi kifupi cha huko kinapoingia, kila ukingo wa jabali hujaa ndege waliobanana bega kwa bega. Aina tatu ndizo zinazofuatiliwa zaidi: muri, mweusi mgongoni na mweupe kifuani, anayesimama wima kama mtu, fulmari, wa kijivu, anayeruka bila kupigapiga mbawa, na kitiweki, shakwe mdogo wa bahari kuu. Muri hajengi kiota. Hutaga yai moja tu kwenye mwamba mtupu, yai la kijani-buluu lenye madoadoa, lililochongoka upande mmoja kama pea. Fulmari naye hutaga yai moja kwa mwaka, na ukimsogelea hukutemea mafuta ya tumboni yanayonuka kiasi kwamba nguo yako haifai tena. Tangu 1975 watafiti wa serikali ya Kanada wamekuwa wakifika kwenye kingo hizo mara kwa mara, wanachukua mayai machache, wanayapima, na sehemu inayobaki inahifadhiwa kwenye majokofu mjini Ottawa. Mtafiti Birgit Braune alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kwa mayai hayo. Faida ya majokofu yale ni kwamba kemikali ambayo mwaka 1975 hakuna aliyefikiria kuitafuta, leo inaweza kutafutwa katika yai lile lile la 1975.

Kinachosomeka humo hakihitaji ufundi mwingi kueleweka. PCB, kemikali zilizokuwa zikitiwa kwenye mafuta ya transfoma za umeme, zilipungua kadiri miaka ilivyokwenda baada ya nchi kubwa kuacha kuzitengeneza. Mabaki ya DDT, dawa ya kuua wadudu, yalishuka vilevile. Halafu kuna PBDE, zilizokuwa zikiwekwa kwenye magodoro, masofa na magamba ya televisheni ili visishike moto upesi. Kiwango chake kwenye mayai kilipanda hadi katikati ya miaka ya 2000. Watengenezaji walikuwa wameachana na aina mbili kubwa za kemikali hizo, na ndani ya miaka michache mayai yakaanza kuonyesha mteremko mkali. Kwa bahari iliyo mbali hivyo na kiwanda chochote, hilo ni jibu la haraka mno. Zebaki haikufuata njia hiyo. Katika mayai ya muri na fulmari ilipanda tangu 1975, kisha ikatulia huko huko juu. Na zipo kemikali za jamii ya PFAS, zile zinazozuia maji na mafuta kushika kwenye nguo na vikaango, ambazo baadhi yake ziliendelea kupanda katika mayai hayo hayo wakati wenzake wa zamani wakishuka, kwa sababu kila moja ilipobanwa dada yake alikuwa tayari sokoni.

Ushahidi wa nyuma zaidi uko kwenye manyoya. Unyoya ukishaota haupokei tena damu. Zebaki iliyoingia wakati unaota hubaki imeshikwa humo, hata kwa miaka mia. Mwaka 2015 watafiti walichapisha vipimo vya manyoya ya shakwe mweupe wa barafuni yaliyokuwa kwenye makumbusho, ya kuanzia 1877 hadi 2007. Zebaki ya aina ya methili, ile hatari zaidi, ilikuwa imeongezeka mara 45. Walipima pia kama ndege hao walibadilisha chakula, wakakuta hapana. Shakwe huyo huyo, katika makoloni yake ya Kanada, yaani makundi yanayozaliana pamoja, amepungua kwa takriban asilimia 80 tangu miaka ya 1980. Sisemi zebaki peke yake ndiyo iliyofanya hivyo. Barafu inayoyeyuka na uwindaji vina sehemu yao. Lakini ndege aliyebanwa na mambo matatu hawezi kuambiwa kwamba moja kati yake ni dogo.

Inafikaje huko? Zebaki hupanda hewani kwa urahisi kuliko metali nyingine yoyote, na mvuke wake unaweza kukaa angani miezi mingi, muda unaotosha kuizunguka dunia. Mwaka 1995, kwenye kituo cha Alert, Kanada, wanasayansi waliona jambo la kushangaza: jua linaporudi baada ya usiku wa miezi kadhaa, zebaki hutoweka hewani ndani ya saa chache. Haikuwa imepotea. Bromini, kemikali inayotoka kwenye chumvi ya barafu ya bahari huigeuza iwe ya aina inayoanguka kwenye theluji. Theluji inayeyuka, maji yanaingia baharini, bakteria wanaigeuza kuwa methili zebaki, viumbe vidogo kama dagaa wa kamba wanaila, samaki anawala hao, ndege anamla samaki. Kila ngazi inaongeza. Jike anapotaga hutoa sehemu ya mzigo wake ndani ya yai, naye kifaranga huanza maisha na deni ambalo hakulikopa.

Tena ndege hawaishii kuipokea. Katika Cape Vera, kwenye kisiwa cha Devon, fulmari wapatao 20,000 huzaliana juu ya jabali, na chini yake kuna vidimbwi vya maji baridi. Jules Blais na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ottawa walipima vidimbwi hivyo, wakachapisha matokeo mwaka 2005: vilivyo karibu na koloni vilikuwa na zebaki mara 25 na DDT mara 60 zaidi ya vile vilivyo mbali na ndege. Kinyesi cha ndege, ambacho ndicho kinachootesha kuvu-mwani na majani machache ya jangwa lile la baridi, ndicho pia kinacholeta sumu kutoka bahari kuu hadi nchi kavu. Kwa hiyo tunapozungumzia ndege wa bahari wa Kaskazini tunazungumzia maji yote ya huko, wadudu wake, samaki wake, na watu wanaokula vyote hivyo.

Watu wapo. Miaka ya 1980 daktari Éric Dewailly wa Quebec alikuwa akipima kemikali katika maziwa ya mama, akachukua sampuli kwa akina mama Wainuit, wenyeji wa asili wa Aktiki, wa Nunavik, kaskazini mwa Quebec, akitegemea kupata mfano wa maziwa safi wa kulinganishia. Akakuta PCB mara tano hivi ya kiwango cha akina mama wa kusini. Kiongozi mmoja wa Wainuit, Sheila Watt-Cloutier, aliibeba habari hiyo hadi Nairobi. Januari 1999, katika mazungumzo ya mkataba wa kemikali sugu yaliyofanyika makao makuu ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, alimkabidhi mkuu wa shirika hilo, Klaus Töpfer, sanamu ya jiwe ya mama Muinuit na mtoto wake. Sanamu hiyo ikawa inawekwa mezani kwa mwenyekiti katika vikao vilivyofuata. Mkataba huo, uitwao wa Stockholm, ukapitishwa 2001, ukaanza kazi 2004. Kinachonigusa katika habari hii ni kwamba mama wa barafuni alikuja kutetewa katika mji wa Afrika, na katika mkataba huo huo nchi zenye malaria, nyingi za Afrika, zikaruhusiwa kuendelea kutumia DDT dhidi ya mbu pale zinapoihitaji. Mahitaji mawili ya haki yaliwekwa kwenye karatasi moja bila upande mmoja kuitwa mkosaji. Na mayai ya Prince Leopold yaliendelea kushuka DDT.

Sasa tuje kwenye hoja za wanaopinga. Iliyo dhaifu kuliko zote ni ile isemayo kwamba zebaki ni ya Mungu, inatoka kwenye volkano na miamba, ilikuwepo na itakuwepo. Ni kweli inatoka huko. Lakini makadirio ya Umoja wa Mataifa yanaiweka sehemu ya asili kwenye asilimia 10 hivi ya zebaki inayoingia hewani kila mwaka. Asilimia 30 hivi ni ya shughuli za binadamu za sasa, na 60 ni ile iliyokwisha kuanguka zamani, sehemu kubwa ya mkono wa mtu, ikainuka tena kutoka ardhini na baharini. Walipolinganisha meno, nywele na manyoya ya wanyama wa bahari wa Aktiki wa kabla ya viwanda na wa leo, walikuta zaidi ya asilimia 90 ya zebaki iliyomo mwilini mwao sasa imeongezwa na binadamu. Volkano haikubadilika katika miaka 150. Tumebadilika sisi.

Hoja ya pili ina uzito, na nisingependa kuipita juu juu. Inasema: hiyo asilimia 60 ni ya nani? Mgodi mkubwa wa zebaki katika historia ni wa Almadén, Hispania, uliotoa karibu theluthi moja ya zebaki yote ambayo binadamu amewahi kuichimba, na kwa karne nyingi zebaki hiyo ilisafirishwa kwenda kuchenjua fedha katika makoloni ya Amerika. Makaa ya mawe yaliyochomwa Ulaya na Marekani yaliongeza yake. Deni hilo si letu, na anayesema hivyo anasema kweli. Lakini linapotumiwa kama sababu ya kukaa kimya, hoja inageuka kumdhuru anayeitoa. Katika hesabu ya UNEP ya mwaka 2018, binadamu walitoa hewani tani 2,220 hivi za zebaki katika mwaka 2015. Asilimia 38 ilitoka kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu, 21 kwenye kuchoma makaa ya mawe. Kusini mwa Sahara kulitoka asilimia 16 ya jumla. Na kinachotoka leo ndicho kitakachoitwa urithi kesho, kikizunguka juu ya vichwa vya wajukuu.

Hapo ndipo upande wa tatu unapochomoza na jawabu rahisi: pigeni marufuku wachimbaji wadogo. Nimewahi kusimama kando ya mwalo mmoja, mahali pa kuoshea dhahabu, mkoani Geita nikimtazama mama akikamatisha dhahabu. Matope yaliyotoka kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, yalikuwa ndani ya karai. Akadondosha zebaki kutoka kwenye chupa ya soda, akaizungusha kwa mikono mitupu, akakamua kwenye kitambaa hadi likabaki donge la rangi ya fedha lisilozidi punje ya hindi. Akaliweka kwenye kijiko juu ya jiko la mkaa. Mtoto alikuwa mgongoni. Hakukuonekana moshi wowote. Weupe ule ulififia taratibu, ukaja unjano, na kila aliyekuwa pale akasogea karibu kuona. Nguvu ya ushahidi wa kisayansi inaelekea pale pale. Katika msitu wa Los Amigos, Peru, jirani na machimbo kama hayo, watafiti walichapisha mwaka 2022 kwamba majani ya miti yalikuwa yanakamata zebaki ya moshi wa wachimbaji na kuishusha ardhini kwa wingi unaoshindana na maeneo yaliyochafuka zaidi duniani. Sehemu moja ya mvuke wa kijiko kile inakwenda mbali, hata Aktiki. Sehemu nyingine inaangukia paa la jirani, kisima, na mapafu ya mtoto aliyekuwa mgongoni. Anayemwona mama yule kama mshitakiwa mbele ya fulmari hajaelewa kwamba wote wawili wako upande mmoja wa kesi.

Marufuku ya papara inawasukuma watu milioni 15 hadi 20 wanaoishi kwa kazi hiyo duniani waifanye usiku, ndani ya nyumba, ambako kuchoma zebaki ni hatari mara nyingi zaidi. Mwanya wenyewe uko juu ya mchimbaji. Mkataba wa Minamata, ulioanza kazi Agosti 2017 na ambao Tanzania iliuridhia 2020, unaziagiza nchi zipunguze zebaki kwenye uchimbaji mdogo na kuiondoa pale inapowezekana. Hakuna tarehe. Wakati dawa ya meno imepewa mwaka 2034 na vipodozi vyenye zebaki, hii mikorogo yetu, vilipewa mwisho 2025, dhahabu haijapewa mwaka wowote. Na kwa kuwa matumizi hayo bado yanaruhusiwa, biashara ya zebaki kwa ajili yake inaweza kupita mpakani kwa idhini ya maandishi, isipokuwa ile itokayo kwenye migodi ya zebaki yenyewe au kwenye viwanda vya klorini vilivyofungwa. Nani anayeweza kutazama kimiminika ndani ya chupa na kujua kimetoka mgodi gani? Ndiyo sababu uamuzi wa Geneva ni mkubwa kuliko ulivyosomwa. Kwa miaka mingi zebaki iliyoandikwa kwamba ni ya meno imekuwa ikiingia katika nchi zetu na kuishia kwenye makarai. Afrika ndiyo iliyokuwa mstari wa mbele kutaka mwisho uwe 2030, kwa sababu tunaijua njia hiyo. Tulipewa miaka minne zaidi ya tuliyoitaka, lakini kisingizio kimoja kimewekewa mwisho.

Ipo tahadhari ambayo mtu mkweli lazima aiseme kabla ya kuyategemea mayai kama mizani. Ndege wengi wa bahari wa Aktiki leo wako kwenye hatari ndogo ya zebaki. Hawafi kwa makundi. Madhara yanayoonekana ni ya chini kwa chini: huko Svalbard, visiwa vya Norway, kitiweki wenye zebaki nyingi zaidi walikuwa ndio wanaoelekea kuacha kuzaliana mwaka huo. Vilevile chakula kinabadilika. Katika Ghuba ya Hudson, muri wanaowalisha vifaranga wao wamehama kutoka samaki wa barafuni kwenda kapelini, samaki wa maji ya joto kidogo, barafu ilipopungua. Ndege akibadilisha chakula, zebaki kwenye yai lake inaweza kutulia au kushuka bila bahari kusafishika hata kidogo. Wakati huohuo udongo ulioganda wa Kaskazini, uliofungia zebaki nyingi kwa maelfu ya miaka, unayeyuka. Kwa hiyo ule utulivu wa mstari wa zebaki usisomwe kama nafuu. Ninausoma kama mtu anayeteka maji kwenye mtumbwi unaovuja, na maji hayapandi wala hayashuki.

Kwa upande wetu linalofuata ni la kazi ya karibu. Mkataba wenyewe umetaja mambo manne mabaya ya kuondolewa kwanza: kutia zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa badala ya makinikia kidogo yaliyokwisha kuchujwa, kuchoma donge wazi, kuchoma kwenye makazi, na kupeleka marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, yakiwa na zebaki kwenye sayanaidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu, bila kuitoa zebaki kwanza. Hili la mwisho ndilo linalotuhusu kuliko linavyosemwa. Katika machimbo yetu mchimbaji mara nyingi anaondoka na donge lake, marudio yanabaki kwa mwenye karasha au yanauzwa kwa wenye vati, matangi ya kulowekea, na huko yanalowekwa kwenye sayanaidi yakiwa na zebaki ndani. Sayanaidi inaiyeyusha zebaki hiyo na kuifanya itembee na maji. Mwenye vati si maskini wa kijiko na jiko. Ana leseni, ana mtaji, ana anwani. Kumbana yeye kunawezekana mwaka huu, bila kumfukuza mama yeyote mwaloni.

Na tuanze kuweka kumbukumbu zetu wenyewe, kwa sababu Kanada iliweza kubishana kwenye meza za dunia kwa kuwa ilikuwa na mayai ya 1975. Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, ina makabati yenye maelfu ya ngozi za ndege zilizokusanywa kwa miongo mingi. Mnandi wa Ziwa Victoria anakula samaki maisha yake yote kama muri anavyokula wake, na unyoya wake unashika zebaki vilevile. Ngozi za zamani zilipakwa dawa za kuzuia wadudu, nyingine zikiwa na zebaki, lakini wale waliopima shakwe wa barafuni walikutana na tatizo hilo hilo, wakalivuka kwa kupima methili zebaki peke yake, ambayo haimo kwenye dawa hizo. Unyoya mmoja wa kila mnandi unatosha, na ndege wa leo anaweza kutoa wa kulinganishia bila kuuawa, ule alioudondosha mwenyewe chini ya mti anakolala.